Mwili wa Mama Haujui Saa ya Kutoka Kazini

Mama anarudi kutoka kazini jioni. Mtoto ana homa, sufuria haijainjikwa, sare za kesho hazijafuliwa. Akilalamika kuwa amechoka, huambiwa ajikaze. Lakini vipimo vya maabara vinamtetea.

Miaka ya 1980, mwanasaikolojia wa Sweden, Marianne Frankenhaeuser, aliwapima mameneja wa kike na wa kiume wa kampuni ya magari ya Volvo. Ilipotimu saa kumi na moja jioni, noradrenalini, homoni inayouweka mwili macho kukabili tatizo, ilishuka kwa wanaume. Kwa wanawake ilibaki juu. Mwanamume alikwishamaliza siku. Mwanamke alikuwa anaingia zamu ya pili.

Mwaka 1997, Linda Luecken na wenzake nchini Marekani walipima mkojo wa saa 24 wa wanawake 109 walioajiriwa. Wenye mtoto nyumbani walikuwa na kotisoli nyingi zaidi. Hii ni homoni ya msongo, itolewayo na tezi zilizokaa juu ya figo. Mzigo wa kazini ulikuwa uleule kwa wote. Uliozidi ni wa nyumbani. Tena, aliyeolewa hakuwa na nafuu kuliko asiyeolewa. Mume kuwapo nyumbani ni jambo moja, kumwogesha mtoto ni jingine.

Basi dawa ni nini? Tuje Korogocho, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Huko watafiti waliwapa baadhi ya kina mama vocha za kuwalipia watoto vituo vya kulelea mchana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliopewa vocha walipata kazi zaidi, hasa walioolewa. Wanaolea peke yao walipunguza saa za kazi bila kipato kushuka, kwa sababu waliweza kushika kazi zenye saa maalumu.

Utafiti huo haukupima homoni, lakini umetuonyesha pa kuanzia. Msongo wa mama hautibiwi kwa mawaidha. Hutibiwa kwa kituo cha malezi kilicho karibu na cha bei nafuu, kwa mwajiri anayeheshimu saa ya kutoka, na kwa baba anayeamka usiku mtoto akilia. Hayo tunayaweza, na tuna wajibu wa kuyafanya.