Hifdhi haiingii kwa bakora

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemjaalia mwanadamu akili na kumbukumbu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwalimu wa walimu.

Ndugu Waislamu, lipo lalamiko tunalolisikia mara kwa mara kutoka kwa wazazi na walimu wa madrasa: mtoto kahifadhi sura Jumatatu, ikifika Ijumaa hajui hata aya moja. Hukumu hutolewa papo hapo kuwa mtoto ni mvivu, au kichwa chake kizito. Kisha bakora hufuata. Nasi katika ujana wetu wa ualimu tuliitoa hukumu hiyo na kuinyanyua bakora hiyo. Leo tunakiri kuwa tulidhulumu. Mtoto yule hakuasi. Alisahau, na kusahau ni maumbile ya ubongo wa kila mwanadamu.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha utafiti alioufanya juu ya nafsi yake mwenyewe. Alihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi anachosahau. Aliona kuwa sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, na kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Karne nyingi kabla yake, Mtume (S.A.W.) alikwisha kutuonya kuwa Qur'ani huponyoka vifuani upesi kuliko ngamia katika kamba zake. Dawa aliyoielekeza ni kuirejea daima, hakuelekeza kipigo. Hatusemi haya kana kwamba Hadithi inangoja ushahidi wa maabara. Tunasema ili mwalimu aone kuwa njia aliyorithi ina hekima, na aifuate.

Lakini kurejea kupi? Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandiko wasome. Baadhi waliyasoma tena. Wengine waliyafunika na kujaribu kuyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio waliowashinda wenzao kwa mbali. Juhudi ya kukumbuka ndiyo inayoimarisha kumbukumbu. Nasi twajua kuwa Jibril (A.S.) alikuwa akidurusu Qur'ani na Mtume (S.A.W.) kila Ramadhani, na mwaka aliofariki Mtume walidurusu mara mbili.

Ama hofu, hiyo humnyang'anya mtoto hata kile alichokwisha kukipata. Mwili wenye hofu hutoa homoni ya kortisoli, na inapozidi, ubongo hushindwa kuyatoa yaliyohifadhiwa. Mtoto husimama mbele ya ustadhi, aya anazijua, ulimi umefunga. Akipigwa, kitakachobaki moyoni mwake ni bakora, na huenda siku moja asirudi tena madrasa. Hasara hiyo nani ataibeba? Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume miaka 10, wala hakuwahi kusikia kwake neno la kuudhika.

Tusisahau usingizi. Mtoto anapolala, ubongo huyapanga na kuyaimarisha aliyojifunza mchana. Mwenye umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Mzazi anayemwacha mwanawe mbele ya televisheni hadi usiku wa manane asimlaumu ustadhi.

Basi enyi wazazi, mtoto arudipo na aya tatu mpya, msimwongeze ya nne. Fungeni msahafu, mwambieni asome kwa moyo usiku huo, kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Akikwama, mpeni neno moja na kumngoja. Akikosea, msahihisheni kwa upole. Nanyi walimu, wekeni bakora chini, mzidishe kusikiliza.

Tunamuomba Allah awajaalie watoto wetu wawe wenye kuihifadhi Qur'ani na kuipenda, na atusamehe tuliyoyakosea katika amana hii. Amin.

Wabillahi tawfiq.