Baraza, Ua na Upepo: Kupanga Nje ya Nyumba ya Pwani

Nyumba ya pwani ina nje mbili. Mbele kuna baraza, mahali pa mgeni, jirani na mpita njia. Nyuma kuna ua, mahali pa wenye nyumba, watoto, jiko na maji. Kuanzia Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hadi Pangani, mpango huu unaonekana katika nyumba za miti na udongo za Wadigo kama unavyoonekana katika nyumba za mawe na za matofali ya saruji. Katika nyumba za kale za Lamu kila sehemu ina jina lake: daka ni kibaraza cha mlangoni, kiwanda ni ua wa ndani. Siku hizi wajenzi wengi huchora vyumba kwanza, na nje ikawa ni kiwanja kilichobaki. Hapo ndipo kosa linapoanzia, maana huku pwani watu hushinda nje. Ndani ni pa kulala na pa kukimbilia mvua.

Kinachotangulia yote ni upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, ukitokea kusini mashariki. Pepo zote mbili hutoka upande wa bahari, na hata Horohoro, ambayo haiko ufukweni, hupata sehemu yake. Jua nalo husaidia: likishavuka utosi, kivuli cha nyumba yenyewe huangukia mashariki. Basi baraza inayotazama mashariki hupata kivuli na upepo kwa pamoja kuanzia adhuhuri, saa zilezile watu wanapotoka kukaa, ilhali ya magharibi huungua mpaka jua lizame. Nyumba ya barabarani, ambayo kwa ajili ya biashara haina budi kutazama barabara ilipo, italazimika kuteremsha paa la baraza zaidi na kupanda mti mbele yake.

Jua pia huhama. Horohoro iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya mwaka huelemea kaskazini, na miezi ya joto kali, Desemba hadi Februari, hupiga ubavu wa kusini. Vigingi vinne na kiti kimoja kinachohamishwa kiwanjani saa sita, saa tisa na saa kumi na moja humwonyesha mwenye nyumba mengi kabla msingi haujachimbwa.

Baraza yenyewe ni kazi ya vipimo vidogo. Kiti cha kujengea kikiwa na kimo cha sentimita 40 hadi 45, nyayo hugusa sakafu bila magoti kupanda. Upana wa sentimita 50 hadi 60 hutosha kuketi, ila atakayejinyoosha baada ya chakula cha mchana anahitaji 75 au zaidi. Ukingo uviringwe, usiachwe na makali. Ukuta wa nyuma upigwe lipu laini na kupakwa chokaa, kwani lipu ya mchanga mnene huchubua migongo na kuharibu kanzu. Sakafu ikae juu ya uwanja kiasi cha hatua mbili, iteremke sentimita moja au mbili kwa kila mita, ili mvua ya masika isigeuke dimbwi la mbu.

Kwa paa, makuti bado hayajapata mshindani wa ubaridi. Kuna kuti la viungo, ambalo majani yake hukunjwa juu ya ufito na kushonwa, nalo ndilo la kuezekea. Kuti la kumba husukwa lilivyo, nalo ni la uzio na viambaza; likining'inizwa upande wa kusini mashariki wakati wa masika, huzuia rasharasha bila kuziba upepo. Paa la makuti lazima liwe na mwinamo mkali, karibu nyuzi 45, maana makuti huozeshwa na maji yanayotuama. Safu zikikaribiana, paa hudumu zaidi. Hasara yake ni moto, kwa hiyo jiko la kuni lisiwekwe chini yake.

Ua unataka stara na hewa pamoja, na ukuta mtupu wa saruji huleta stara pekee. Kumba, matofali ya matundu au milingoti ya mkonge, yale mabua marefu ya maua, huziba macho na kupitisha upepo. Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, na mabua yake ni mepesi na yamenyooka, ila yakifukiwa ardhini huoza upesi. Mlango wa ua usikabiliane na mlango wa mbele. Jiko likae magharibi, moshi uende zake. Maji ya bafuni yakielekezwa kwenye migomba, hayatuami.

Kati ya miti, mwembe na mwarobaini hutoa kivuli kizito. Karibu na maji ya chumvi, mkungu na mvinje huvumilia zaidi. Mnazi ni mzuri kutazamwa, lakini kivuli chake ni chembamba na nazi huanguka bila hodi: pasiwe na kiti chini yake. Asumini na mkilua hupandwa upande wa upepo, harufu iingie ndani.

Ufukweni, kama kijijini Moa, chumvi ndiyo adui. Misumari na bawaba za chuma cha kawaida huliwa na kutu upesi. Mchanga wa baharini haufai kwa zege lenye nondo: chumvi huamsha kutu, nondo huvimba, na nguzo ya baraza hupasuka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Baraza ya zege na ukuta wa ua huhesabiwa pamoja na nyumba. Boriti za mikoko nazo hukatwa kwa kibali tu, kwa hiyo kabla ya kulipia, muuzaji aonyeshe karatasi zake.