Milango ya Moyo na Homa Iiharibuyo

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza jinsi koo la mtoto likiumwa liwezavyo kumfikisha mbele ya kisu cha mpasuaji wa moyo.

Moyo una vyumba 4, tena una milango 4 ambayo waganga wa hospitali huiita vali. Kila mlango hufunguka upande mmoja tu, damu ipite mbele wala isirudi. Mmoja wao, ulio upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, umeitwa mitra kwa kuwa wafanana na kofia ya askofu. Nao ndio uharibikao zaidi.

Huharibikaje? Vidudu viitwavyo streptokoki huingia kooni, na mwili hutuma askari wake kupigana navyo. Lakini katika watoto wengine askari hao hupotewa, wakaushambulia mwili wenyewe. Baada ya majuma 2 au 3, hali koo limekwisha pona na kusahauliwa, mtoto hushikwa na homa, na viungo humvimba: leo goti, kesho kutwa kifundo cha mguu. Huja shuleni akichechemea, na pengine hudhaniwa mvivu. Viungo hupona, vali hubaki na makovu, na kila homa irudipo makovu huzidi, hata mlango usiweze kufunguka sawasawa wala kufunga. Ndipo mtoto apandapo kilima kidogo tu hukaa chini, pumzi zimemwishia.

Mwaka 1925, mjini London, Daktari Henry Souttar alitia kidole chake ndani ya moyo wa msichana, akaupanua mlango uliobana. Msichana yule aliishi miaka kadhaa. Walakini waganga waliogopa kumfuata mpaka 1948. Mwaka 1953 Daktari John Gibbon wa Marekani alitumia mashine ifanyayo kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa, na 1960 Albert Starr akatia vali ya kuundwa mahali pa ile iliyoharibika. Baadaye Alain Carpentier wa Ufaransa alionyesha kuwa vali ya mtu mwenyewe yaweza kutengenezwa na kutiwa pete ya kuishika. Kwetu njia hii ni bora iwezekanapo, kwani mwenye vali ya madini hana budi kunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake kupimwa mara kwa mara. Mtu wa Iramba au Manyoni atasafiri mara ngapi?

Upasuaji huo hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 700 kutoka Singida. Heri basi kutazama yaliyofanywa Uganda. Watoto 818, wa miaka 5 hata 17, ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila wao kuhisi lolote, waligawanywa kwa kura mafungu mawili. Fungu moja lilichomwa sindano ya penisilini kila majuma 4 kwa miaka 2. La pili halikuchomwa. Matokeo yalitangazwa 2021: ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 tu wa fungu la kwanza, na kwa 33 wa fungu la pili.

Sindano hiyo huuma sana, hatuwafichi. Mtoto mwenye koo na homa apelekwe zahanati. Akipewa vidonge vya siku 10 avimalize, ijapokuwa koo limepona siku ya 3. Na yule ambaye homa hii imekwisha mgusa moyo, sindano zake zaweza kuendelea miaka mingi. Asiziache mpaka daktari aseme.