Jua Kali, Mazingira na Maendeleo: Nani Hulipa Gharama Kariobangi?

Utangulizi

Makala haya yanajadili uhusiano wa sera za mazingira na sera za uchumi katika nchi zinazoendelea, kwa kurejelea mtaa wa Kariobangi ulioko mashariki mwa jiji la Nairobi. Hoja inayoongoza mjadala huu ni kwamba sera hizi huandikwa katika ofisi mbili na kusimamiwa kwa sheria mbili, ilhali gharama ya pengo lililopo baina yake humwangukia mtu mmoja. Mtu huyo ni fundi, mchuuzi au mtoto aishiye mahali ambapo kazi na taka haviwezi kutenganishwa. Wahenga walisema kuwa wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Njia Mbili za Mwaka wa 1972

Chanzo cha pengo hili kinaweza kuonekana katika matukio mawili ya mwaka wa 1972. Kwanza, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ilidai kuwa mafundi na wachuuzi wadogo, waliokuwa wakifukuzwa mijini kana kwamba ni wazururaji, walikuwa wazalishaji waliostahili kusaidiwa. Pili, baada ya mkutano wa Stockholm kuhusu mazingira ya binadamu, Umoja wa Mataifa uliunda Mpango wake wa Mazingira na kuamua kuwa makao yake makuu yawe Nairobi.

Tangu hapo Kenya imefuata njia mbili zinazokwenda sambamba bila kukutana. Katika njia ya uchumi, serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali mwaka wa 1992, kisha Sheria ya Biashara Ndogo Ndogo ikapitishwa mwaka wa 2012. Katika njia ya mazingira, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka wa 1999, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, ikampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Fundi yule yule ni mwajiri wa kupigiwa mfano katika njia ya kwanza, na mchafuzi wa kuandamwa katika njia ya pili.

Kariobangi na Kazi Yake

Kariobangi ina eneo la viwanda vidogo vidogo ambako vyuma chakavu hukusanywa, hupimwa, huyeyushwa na kuzaliwa upya. Sufuria mbovu na vipande vya injini huingia katika tanuri, kisha alumini iliyoyeyuka humiminwa katika kalibu za mchanga ili ifinyangike kuwa sufuria mpya au kipuri cha mashine. Kwa mtazamo wa mazingira, kazi hii ina manufaa makubwa. Kuyeyusha alumini kuukuu huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitoa alumini hiyo katika mawe ya madini. Kwa hiyo mafundi hawa walikuwa wakitimiza kile ambacho wataalamu leo hukiita uchumi wa mzunguko kabla istilahi hiyo haijaenea.

Hata hivyo, manufaa hayo yana upande wa pili. Wanauchumi hutumia dhana ya gharama ya nje kueleza hasara ambayo haimo katika bei ya bidhaa. Bei ya sufuria hujumuisha chuma, makaa na jasho la fundi. Haijumuishi moshi unaovutwa na jirani, wala madini ya risasi yanayoweza kuingia katika tanuri pamoja na chuma kisichochambuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 kuhusu vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, ulionyesha kuwa baadhi yavyo vilitoa risasi katika majaribio ya upishi. Madhara ya tanuri, basi, yanaweza kumfuata hata mlaji aliye mbali na tanuri lenyewe.

Jirani na Kariobangi pana jaa la Dandora, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001 lakini likaendelea kupokea taka za jiji. Mwaka wa 2007 Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira ulichapisha utafiti uliowapima watoto 328 wa eneo hilo, na takriban nusu yao walipatikana na kiwango cha risasi katika damu kilichozidi kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua. Hivyo, jiji zima lilitupa taka zake, na mtoto wa Dandora ndiye aliyelipa ada.

Sera Inapogeuka Kuwa Rungu

Je, suluhisho ni kufunga na kubomoa? Matukio ya karibuni yanatutahadharisha. Januari 2022, kufuatia uharibifu wa nyaya na nguzo za umeme, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kote nchini kwa miezi kadhaa. Nia ilikuwa kulinda mali ya umma, lakini marufuku hayo hayakubagua mwizi wa nyaya na fundi wa sufuria. Kabla ya hapo, Mei 2020, katikati ya janga la Korona, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi Kaskazini katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya mtambo wa majitaka, ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuzuia ubomoaji huo.

Yafaa kulinganisha hali hii na kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa risasi. Baada ya mapambano yaliyoongozwa na Phyllis Omido, mahakama iliwatunuku wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020. Mahakama ya Rufani ilitengua tuzo hiyo, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Huko mchafuzi na mwathiriwa walikuwa watu wawili tofauti, na sheria ikajua imshike nani. Kariobangi, fundi anayechochea tanuri ndiye wa kwanza kuvuta moshi wake. Kumtoza faini pekee ni kumwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake.

Suala la Lugha

Wanafunzi wa Kiswahili wana la kuchangia hapa. Neno mazingira limetokana na kitenzi zingira: ni yale yanayomzunguka mtu. Kwa maana hiyo, mazingira hayako mbugani peke yake, bali yamo pia katika kibanda cha fundi. Neno endelevu nalo limechipuka katika shina lile lile la maendeleo, kana kwamba lugha yenyewe inakataa kuzitenga dhana hizi mbili.

Kanuni za mwaka wa 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zinataka umma utangaziwe miradi redioni katika lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano ya hadhara ifanywe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya tangu Katiba ya 2010. Lakini sheria zenyewe huandikwa kwa Kiingereza, na fundi hukutana nazo siku anapokamatwa. Kuzifasiri sheria hizi kwa Kiswahili kinachoeleweka ni sehemu ya utekelezaji wake.

Hitimisho

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 imefungua mlango. Inataka taka zitenganishwe zinapotoka, na inamwajibisha mzalishaji kwa bidhaa yake hata baada ya kutumiwa. Ikitekelezwa ipasavyo, betri na vyuma vyenye sumu vitachujwa kabla ya kufika katika tanuri, na mwenye kiwanda kikubwa atachangia gharama ambayo hadi sasa imebebwa na fundi. Yanayosalia ni mabomba ya kupitishia moshi, mafunzo ya uchambuzi wa vyuma na hakika ya mahali pa kufanyia kazi, kwa kuwa hakuna fundi atakayejenga bomba la moshi katika kibanda anachohofia kitabomolewa kesho. Kwa hiyo, kila sera, iwe ya uchumi au ya mazingira, haina budi kuulizwa swali moja kabla ya kupitishwa: gharama yake italipwa na nani?