Diski Isiyosomeka Si Diski Tupu

Mtafiti anapohamisha diski yake ya nje kutoka kompyuta moja hadi nyingine, hutarajia kuzikuta faili zake kama alivyoziacha. Hata hivyo, hutokea kwamba kompyuta ya pili haionyeshi faili hata moja, bali hutoa ujumbe unaomtaka mwenye diski aifomati, yaani aiandae upya, kabla ya kuitumia. Mtu asiyeielewa maana ya ujumbe huo aweza kukubali kwa kubonyeza mara moja tu, na kazi ya miaka mingi ikawa hatarini. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea na lifanywe nini.

Orodha ya faili

Diski ni mfululizo wa visehemu vidogo vyenye namba, ambavyo aghalabu kila kimoja huchukua baiti 512 au 4,096. Faili moja yaweza kutawanyika katika visehemu vingi vilivyo mbalimbali. Kwa hiyo hapana budi pawepo orodha inayoonyesha jina la kila faili, ukubwa wake, na visehemu vinavyoihifadhi. Utaratibu wa kuandika orodha hiyo ndio uitwao mfumo wa faili.

Waundaji wa mifumo ya uendeshaji hawakufuata utaratibu mmoja. Windows hutumia NTFS, iliyoanza mwaka 1993. Kompyuta za Apple zilitumia HFS+ tangu mwaka 1998, kisha APFS tangu mwaka 2017. Linux nayo mara nyingi hutumia ext4, iliyotolewa mwaka 2008. Alama za utambulisho za mifumo hii hutofautiana, na hata mahali zinapowekwa ni tofauti. NTFS huandika jina lake katika kisehemu cha kwanza kabisa, ilhali ext4 huanza maelezo yake makuu baada ya baiti 1,024. Windows isipoiona alama inayoijua, huichukulia diski kuwa haijaandaliwa.

Hali hii yafanana na ile ya mtu aliyesoma Kiswahili kwa herufi za Kilatini pekee, akapewa barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Lugha ni yake, lakini hawezi kuisoma. Mtu huyo hastahili kuifuta barua ati kwa kuwa haina maneno. Anachohitaji ni msomaji anayezijua hati hizo.

Madhara ya kufomati

Kufomati kwa haraka huandika orodha mpya iliyo tupu mahali pa ile ya zamani. Sehemu kubwa ya yaliyohifadhiwa huweza kubaki, lakini njia ya kuyafikia hupotea, na kila faili mpya inayoandikwa yaweza kuyafunika. Aliyekwisha kufanya kosa hilo asiandike chochote zaidi. Aichomoe diski na kuipeleka kwa fundi wa kurejesha data. Katika diski za kielektroniki zisizo na sahani inayozunguka, yaliyomo yaweza kufutwa mara moja, na hapo hata fundi hodari huenda asifanikiwe.

Njia za kuisoma

Kwanza, iulizwe diski ilitoka katika kompyuta ya aina gani. Njia iliyo salama kuliko zote ni kuirudisha katika kompyuta ya aina hiyo na kuzinakili faili katika diski nyingine. Pili, ifahamike kwamba mifumo hii haiko sawa katika uwezo wa kusoma. Kompyuta za Apple husoma NTFS bila msaada, lakini kwa kawaida haziiandiki. Linux husoma ext4, NTFS na HFS+, na yaweza kuwashwa kutoka katika kifaa kidogo cha kuchomeka bila kusakinishwa. APFS, kwa upande wake, huhitaji programu ya ziada nje ya kompyuta za Apple. Popote inapowezekana, diski ifunguliwe kwa kusomwa tu, bila kuandikwa. Ikiwa imefungwa kwa usimbaji, ufunguo wake utahitajika hata kama mfumo wa faili unafahamika.

Diski ya kushirikiana

Watu wanaobadilishana faili mara kwa mara wafaa kutumia diski iliyoandaliwa kwa exFAT. Mfumo huu ulianzishwa na Microsoft mwaka 2006, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2019. Sasa Windows, Linux na kompyuta za Apple huweza kuusoma na kuuandika. FAT32 iliyo ya zamani hukubaliwa karibu kila mahali, ila haiwezi kuhifadhi faili inayofikia gigabaiti 4. Hata exFAT ina udhaifu wake: haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, na diski ikichomolewa kabla ya kompyuta kuiachilia, orodha yaweza kuharibika. Kwa sababu hiyo isiwe nakala ya pekee.

Kwa ufupi, kompyuta inaposema kwamba diski yahitaji kuandaliwa upya, inaeleza mpaka wa uwezo wake yenyewe wa kusoma. Uamuzi wa kufuta ni wa mwenye diski, na asiutoe kabla hajajua kilichoandikwa humo.