Acha kumpiga mchimbaji picha ya pasipoti!

Wiki hii tuongee picha. Vijana wengi wa Kahama, Shinyanga na Geita ukiwapa kamera, mtu wanambandika katikati kama picha ya pasipoti. Mchimbaji katoka duarani na vumbi lake, kwenye picha anaonekana karani aliyechafuka!

Mimi hufanya hivi: fremu naigawa kwa mistari miwili ya wima na miwili ya kulala. Mtu namweka pale mistari inapokutana, upande mmoja. Upande wa pili naacha duara, kamba na winchi vieleze kazi yake. Saa sita mchana nakacha, jua la utosini linamtia kivuli machoni. Saa kumi na moja jioni ndiyo yenyewe.

Unabisha? Tafuta picha za Mbrazili Sebastião Salgado, alizopiga mwaka 1986 kwenye mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada. Nyingine kazipigia juu: shimo zima, watu kama siafu wakipanda ngazi na magunia ya udongo. Bila maelezo unajua dhahabu ni jasho la nani.

Na sisi maduara tunayo. Omba ruhusa kwanza, sogea hatua mbili pembeni, ndiyo ubonyeze!