Mteja Asikatwe Pesa Mara Mbili: Jinsi ya Kuweka Maktaba ya Malipo Kwenye Mfumo Wako

Tuseme ni Jumamosi jioni. Mteja yuko kwenye tovuti yako na amependa viatu vya shilingi 2,500. Anabonyeza "Lipa", menyu inatokea kwenye simu, anaweka PIN. Mtandao unasuasua, tovuti inamwambia "Jaribu tena", naye anajaribu. Baada ya dakika mbili ana meseji mbili za M-PESA. Shilingi 5,000 zimeenda, na viatu ni jozi moja tu. Atakayepigiwa simu ni wewe.

Mara nyingi shida kama hii haitoki kwenye simu ya mteja. Inatoka kwenye namna mfumo wako ulivyounganishwa na huduma ya malipo. Leo tunakuonyesha jinsi ya kuizuia, wewe pamoja na fundi wako wa programu.

Maktaba ya malipo ni nini?

Mifumo mingi siku hizi hugawanywa katika huduma ndogo ndogo. Kuna ya oda, ya stoo na ya malipo, kila moja na kazi yake, na zinaongea kwa mtandao. Maktaba ya malipo ni kifurushi cha kodi ambacho fundi anakiweka ndani ya huduma ya oda ili kiongee na huduma ya malipo kwa niaba yake.

Bila maktaba, fundi ataandika kila kitu kwa mkono. Kwa M-PESA kupitia Daraja, lazima aombe tokeni inayoisha baada ya kama saa moja, kisha aunganishe nambari ya biashara, ufunguo wa siri na saa ya ombi, na kuvigeuza vyote kuwa Base64. Akikosea herufi moja, ombi linakataliwa. Maktaba inamwondolea kazi hiyo.

Kuiweka, hatua kwa hatua

1. Anzia kwenye mazingira ya majaribio. Funguo za majaribio na za kazi halisi ni tofauti, usizichanganye.

2. Ficha funguo zako. Ziweke kwenye mipangilio ya seva. Usiziandike ndani ya kodi, usizipandishe GitHub, na kabisa usiziweke kwenye programu ya simu, maana mtu anaweza kuifungua akazisoma.

3. Taja toleo kamili la maktaba, kwa mfano 2.4.1. Ukiacha ijisasishe yenyewe, unaweza kuamka siku moja ukute malipo hayapiti na hujui kilichobadilika.

4. Panga nambari za simu. Mteja ataandika 07 au 01, lakini ombi linataka 2547 au 2541, tarakimu 12, bila alama ya kujumlisha. Kiasi kiwe shilingi kamili, bila senti.

5. Weka kikomo cha kusubiri jibu. Bila hicho, huduma ya malipo ikichelewa, huduma yako ya oda nayo itaganda na wateja wote watakwama.

Kimya si "hapana"

Hapa ndipo wengi huteleza. Muda wa kusubiri ukiisha, hujaambiwa kwamba malipo yamefeli. Umeambiwa tu kwamba hujui. Huenda pesa imeshatoka.

Kwa hiyo, kila jaribio la malipo lipe kumbukumbu yake, na uihifadhi kabla ya kutuma ombi. Ukikosa jibu, tuma tena kwa kumbukumbu ile ile. Huduma yetu ikiiona mara ya pili haitumi menyu nyingine kwa mteja, inakurudishia jibu la ombi la kwanza. Kumbukumbu mpya itengenezwe tu ukishathibitisha kwamba jaribio la kwanza limefeli.

Na tovuti isimwambie mteja "Jaribu tena" haraka haraka. Imwambie: "Tunathibitisha malipo yako, tafadhali subiri."

Jibu la mwisho huja baadaye, kwenye anwani ya HTTPS uliyotupatia. Kwa M-PESA, 0 maana yake pesa imelipwa. 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi, na 1037 ni simu haikupatikana au mteja hakujibu. Jibu hilo linaweza kufika mara mbili, kwa hiyo angalia kama oda imeshafungwa kabla ya kutoa mzigo, na hakikisha kiasi kilicholipwa ndicho ulichoomba.

Jaribu kuharibu kabla ya kufungua

Usijaribu tu pale mambo yanapokwenda sawa. Kata mtandao baada ya kutuma ombi. Ghairi menyu ya PIN. Iache ikae mpaka iishe. Tuma jibu lile lile mara mbili. Halafu, ukiwa na funguo halisi, lipa shilingi 10 kwa simu yako na ulinganishe meseji, oda na ripoti. Zote tatu zikubaliane.

Usihifadhi nambari kamili za wateja kwenye kumbukumbu za seva bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana hapo. Na PIN haiulizwi popote kwenye tovuti yako. Inaandikwa kwenye menyu ya simu ya mteja tu.

Na kama tayari umewakata watu mara mbili?

Usingoje wapige simu. Chukua ripoti ya malipo, tafuta oda zenye nambari mbili za muamala, rudisha pesa, kisha uwatumie ujumbe kuwaeleza. Mteja akirudishiwa pesa yake kabla hajalalamika, huenda akarudi kununua. Akishalalamika wiki nzima bila jibu, umempoteza, na jirani zake pia.